Mvuke Mara Tatu

Katika miaka kumi na tisa ya kuosha vyombo kwenye taasisi ile ya utafiti, Kioo hakuwahi kuambiwa atazame kwenye hadubini. Kazi yake ilikuwa ya mlango wa nyuma. Chupa chafu zinaingia kwa kigari, chupa safi zinatoka kwa kigari, na katikati yupo yeye na mabeseni matatu, brashi za kila umbo, mashine ya mvuke yenye mlango mzito kama wa sefu, na tanuri la umeme la kuokea vyombo vya glasi. Jina alilopewa na baba yake lilishasahaulika pale. Walimwita Kioo kwa sababu chupa ikitoka mikononi mwake ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu, na jina hilo alilipenda kuliko lile la baba.

Kwa hiyo asubuhi ile Daktari alipomwita ndani, alifuta mikono kwenye aproni akaingia kifua mbele. Alidhani anaitiwa sifa.

"Mzee wangu, njoo uone," Daktari alisema. "Funga jicho moja. Usiegemee meza."

Kioo aliinama. Aliona duara la mwanga, na ndani yake vitu vya mviringo vimetulia.

"Unaona nini?"

"Matone ya mafuta juu ya maji."

Daktari alicheka kidogo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mchache wa maneno, na miaka kumi na miwili alikuwa akifukuzana na aina moja tu ya seli za mwili. Yeye aliziita walaji. Kila mtu anao, alishamweleza Kioo zamani. Wanazunguka mwilini wakila vijidudu, vumbi la mapafuni na seli zilizokufa. Wakikutana na adui wanapiga kelele kuita wenzao, na kelele hizo ndizo zinazoleta joto, wekundu na uvimbe. Kazi ikiisha wananyamaza. Lakini kuna watu ambao walaji wao hawanyamazi. Wanabaki wakipiga kelele bila adui, mwisho wanamgeukia mwenye nyumba.

Mke wa Kioo alikuwa mmoja wa watu hao. Mwaka wa saba sasa viungo vyake vilikuwa vimevimba, vidole vimepinda kama mizizi ya tangawizi, na kufunga kifungo cha blauzi ilikuwa kazi ya robo saa. Dawa ya Daktari ilikuwa ya kuwanyamazisha walaji. Siku hiyo, saa nne asubuhi, mke wa Kioo angewekewa dripu ya dawa hiyo katika wodi ya majaribio, ng'ambo ya ua.

"Hao wa mviringo ni walaji waliolala," Daktari alisema. "Niliwatia rangi nikawatunza, wana mwezi sasa. Tazama hawa wa jana."

Alibadilisha kipande cha glasi chini ya lenzi. Kioo aliinama tena. Hawa hawakuwa mviringo. Walikuwa wamejitandaza, wametoa mikono pande zote, wengine wamepandana. Hawakuwa na macho, lakini ungeapa kwamba wanatafuta kitu.

"Umewapa nini hawa?"

"Hapo ndipo napokosa usingizi. Sikuwapa kitu. Hiyo ni sahani ya kulinganishia, walaji na maji yao ya chakula basi. Nimetafuta kijidudu nimechoka. Hakuna hata kimoja kilicho hai."

"Sasa wamemkasirikia nani?"

"Maiti," Daktari alisema. Alivua miwani akaanza kuifuta kwa pindo la koti. "Kijidudu kikifa kinaacha ganda. Mlaji akiligusa ganda hajui kama mwenye ganda alishakufa. Yeye anajua adui kaingia. Sasa hayo maganda yametoka wapi, ndilo swali. Umebadilisha chochote huko kwako? Sabuni? Maji?"

"Hakuna, Daktari."

Jibu lilitoka kabla hajalifikiri. Lilitoka kama linavyotoka jibu la mtu aliyeulizwa kama ana njaa akiwa ugenini.

"Nilijua. Zingekuwa chupa zako ningelia." Daktari alivaa miwani. "Kuna watu wanadhani mvuke unatosha. Mvuke unaua, lakini ganda linabaki palepale kwenye glasi. Huwezi kuliona, halina harufu. Chemsha mara moja, chemsha mara mia, lipo. Ni tanuri kavu tu, lile joto la kuunguza kabisa, ndilo linaliondoa. Ndiyo maana nakusumbua kila siku na tanuri lako."

Kioo alimgeukia. "Mara mia?"

"Hata mara elfu."

"Na likiingia kwa mtu?"

"Kwa mdomo si neno, tunayameza kila siku. Kwenye mshipa ni habari nyingine." Daktari alisema hayo huku akiandika, kichwa kimeinama. "Walaji wa mwili mzima wanaamka kwa pamoja. Baada ya saa moja hivi mtu anaanza kutetemeka. Joto linapanda, presha inaporomoka. Mwenye nguvu zake anaweza akalala siku mbili akaamka. Mgonjwa ambaye walaji wake tayari wana hasira, huyo sitaki hata kumfikiria. Mungu mkubwa, vichupa vya wodini vinapita tanurini. Haya, kamsalimie mama. Mwambie nitapita saa sita."

Kioo alitoka. Alipita korido moja kwa moja hadi chumba chake cha kuoshea.

Tanuri lilikuwa limekufa siku kumi na tisa zilizopita. Asubuhi moja alilibonyeza halikuwaka. Fundi umeme alikuja, akafungua mgongo wake, akatikisa kichwa. "Hili limekata roho, mzee. Kifaa chake kinaagizwa mbali. Wewe subiri."

"Nisubiri hadi lini?"

"Kusubiri nako kuna ratiba?"

Kioo hakuwa mtu wa kusubiri. Chupa zingerundikana, maabara zingesimama, na watu wangeanza kusema Kioo siku hizi amechoka. Akaona afanye akili. Badala ya mvuke mara moja na tanuri, alipiga mvuke mara tatu. Mara tatu ni zaidi ya mara mbili, hilo halihitaji shule. Kila mara alibandika utepe ule wa alama unaogeuka kuwa na mistari myeusi ukipata joto, na kila mara mistari ilitoka myeusi tititi. Kwenye daftari la kazi palikuwa na safu ya kuweka alama ya vema chini ya neno Tanuri. Safu ya mvuke mara tatu haikuwepo. Akaweka vema palepale. Hakuona kama anadanganya. Aliona anafanya kazi zaidi ya aliyoagizwa.

Sasa alisimama mbele ya tanuri lile lililokufa, mlango wake wazi, na kufunua daftari kwa kidole kilicholowa jasho. Alikuwa akiomba moja tu, kwamba vichupa vya wodini aliviosha kabla tanuri halijafa. Alipata ukurasa, wa siku ambayo tanuri lilishakufa. Alhamisi. Mwandiko wake mwenyewe, mnene, wa kukandamiza: *vichupa vidogo, arobaini na nane*. Vema, vema, vema.

Wagonjwa wanne wa kwanza walishapata dawa mwezi uliopita, nao walikuwa wazima. Lakini vichupa vyao vilikuwa vya kabla. Hivi arobaini na nane ndivyo vilivyojazwa juzi. Dawa yenyewe ilipimwa ikiwa bado kwenye chupa kubwa, ikaonekana safi, ndipo ikagawanywa humo. Aliyajua haya kwa sababu yeye ndiye aliyesukuma kigari.

Akakumbuka na tangi la maji ya kusuuzia. Lilikuwa limeanza kuwa na utelezi kwa ndani. Alilisugua Jumamosi. Vichupa aliviosha Alhamisi, siku mbili kabla, kwa maji ya utelezi ule wa vijidudu.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika thelathini na tano.

Mtu mwingine angerudi mlango wa pili akamwambia Daktari ukweli. Zilikuwa hatua ishirini. Kioo aliziangalia hizo hatua, akaona mwisho wake. Unga umemwagika, hilo la kwanza. Na jina pia. Yule mwanamke aliyesema angelia, angemtazama kama mwongo. Halafu akili yake, ileile iliyobuni mvuke mara tatu, ikamletea njia nyingine. Angekwenda wodini amtoe mkewe. Angesema ameota vibaya, au ukoo umekataa, chochote. Mkewe akishatoka, angetafuta namna ya kuvivunja vile vichupa vilivyobaki, kigari kipinduke, basi. Ajali ya kigari haimfukuzishi mtu.

Alivuka ua nusu akitembea nusu akikimbia. Mlinzi wa mlango wa wodi alimwangalia. "Kioo, leo mbio? Chupa imekutoroka?"

Kioo alimpita. Mlinzi akabaki na kicheko chake.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili. Cha karibu na mlango alilala mkewe, mito miwili mgongoni, nywele amesukwa vizuri kama anakwenda harusini. Cha dirishani alikuwapo mama mmoja wa makamo, fundi cherehani, ambaye ugonjwa ulimnyang'anya mkasi miaka mitatu iliyopita. Hao wawili walikuwa wamejuana siku mbili tu, lakini walishataniana kama watu waliokua pamoja. Muuguzi alikuwa kwenye meza ya pembeni akinyonya dawa kutoka kwenye kichupa kwa sindano na kuiingiza kwenye mfuko wa dripu. Kioo alikijua kichupa kile. Kiling'aa.

"Huyo amefika," mkewe alisema. "Nilikwambia atakuja kuhakikisha kama mashuka yameoshwa."

"Shemeji karibu," fundi cherehani alisema. "Mkeo anaturingia hapa. Eti dawa anaanza yeye, sisi makombo."

Kioo aliinama sikioni kwa mkewe. "Inuka twende nyumbani."

"Nini?"

"Inuka. Nitakueleza njiani."

Mkewe alimtazama usoni. Miaka ishirini na nne ya ndoa, aliujua uso ule ukiwa na homa, ukiwa na deni, ukiwa umekunywa. Hakuwahi kuuona hivi. "Kuna msiba?"

"Hakuna. Sitaki uwekewe hiyo dripu. Nimebadili mawazo."

"Umebadili mawazo yako. Ya kwangu umeyauliza?" Aliinua mikono yake yote miwili, ile mizizi ya tangawizi, akaiweka mbele ya uso wa mumewe. "Jana nimeshindwa kushika kijiko. Wewe ndiye uliyenilisha. Leo unakuja kunitisha saa ya mwisho. Unaogopa sindano wewe uliyesimama, mimi niliyelala siogopi."

"Nakuomba, mke wangu."

"Baba, mbona unamtia hofu mgonjwa?" Muuguzi aligeuka, mfuko mkononi. "Kuna shida gani?"

"Sista, mke wangu leo hapati. Ukoo umekataa."

"Ukoo gani?" mkewe aliuliza. "Ukoo wako ni wewe na shangazi kiziwi."

Fundi cherehani alicheka hadi akakohoa. Muuguzi hakucheka. Alikuwa na ratiba, na ratiba yake ilisema saa nne. Alimwangalia mke, akamwangalia mume, akaona dalili za ugomvi wa nyumbani usio na mwisho wa karibu.

"Sikilizeni. Dawa ikishachanganywa haikai. Ninyi elewaneni kwanza. Mama wa dirishani, wewe uko tayari nikuanze?"

"Mimi? Tangu juzi." Fundi cherehani alivuta mkono wa gauni juu mwenyewe, kwa meno. "Ndiyo faida ya ujane, sista. Hakuna wa kunibadilishia mawazo."

Yote hayo yalikwenda haraka kuliko Kioo alivyotegemea. Alimwona muuguzi akizunguka kitanda cha mkewe. Aliona mfuko ukitundikwa kwenye mti wa chuma pale dirishani. Aliona pamba, sindano, utepe. Mkewe alikuwa ameingiza vidole vile visivyofunga kwenye kola ya shati la mumewe, anamwambia kitu kwa hasira, naye hamsikii. Ndani ya kichwa sauti ndogo ya aibu ilimwambia: *mkeo amenusurika, umepata ulichotaka, sasa kaa kimya.* Na kweli alikaa kimya. Muuguzi aligeuza kigurudumu cha kwenye mpira wa dripu, tone la kwanza likadondoka kwenye kile kikombe kidogo cha plastiki, na la pili, na la tatu.

Alihesabu hadi kumi na saba. Baadaye aliulizwa na watu wengi, na kila mara alisema ukweli huo: kumi na saba. Kila tone lilikuwa safi na angavu, na lingeweza kumwonyesha mtu uso wake.

"Na baridi inapita raha," fundi cherehani alisema. "Shemeji, umemkosesha mwenzangu."

Ndipo miguu yake ilipokubali. Alikwenda dirishani, akamsukuma muuguzi kwa bega, akakaza kigurudumu hadi kikagoma.

"Wewe mzee una wazimu?"

"Ing'oe, sista. Vichupa vibaya."

"Nani kakwambia vibaya? Wewe ndiye daktari?"

"Mimi ndiye niliyeviosha," Kioo alisema. "Havikupita tanurini. Tanuri limekufa. Ing'oe kwanza, unitukane baadaye."

Muuguzi alikuwa mtu wa kazi. Hakutukana. Aliing'oa sindano, akabonyeza pamba, akachukua simu ya ukutani. Simu iliita upande wa pili wa ua.

Daktari alifika bila koti, kalamu bado mkononi. Kioo alimweleza kwa maneno machache, macho yakiwa kwenye viatu vyake. Siku kumi na tisa. Mvuke mara tatu. Vema kwenye daftari. Alitegemea atapigiwa kelele, na angefurahi kupigiwa. Daktari aliuliza tu, "Ameingiziwa kiasi gani?" na muuguzi akasema dakika mbili, tatu, na Daktari akatazama saa yake akaandika saa hiyo kwenye kiganja cha mkono.

Kisha alimgeukia fundi cherehani, akamweleza bila kumficha. Kuna uchafu usioonekana, huenda umeingia kidogo. Huenda isitokee kitu. Huenda baada ya saa moja akasikia baridi.

"Baridi tu?" fundi cherehani aliuliza.

"Tutakuwa hapa," Daktari alisema, na hilo halikuwa jibu, na kila mtu chumbani alilisikia.

Wakaanza kusubiri. Alikuja daktari wa wodi, ikaletwa mashine ya presha, ikaletwa mitungi miwili ya hewa ikasimamishwa ukutani. Mfuko mwingine wa maji, wa kiwandani, ulitundikwa pale pale kwenye mti uleule. Kioo aliambiwa atoke, akatoka hadi mlangoni, akasimama hapo, hakuna aliyekumbuka kumwambia mara ya pili. Jua liliingia dirishani likakaa juu ya shuka. Nje kuna mtu alikuwa akifagia ua, chwa, chwa, chwa. Fundi cherehani alisimulia habari ya bibi harusi aliyenenepa siku tatu kabla ya harusi na gauni lilivyofumuliwa usiku kucha. Alisimulia vizuri. Mke wa Kioo alicheka pale pa kucheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye midomo ya mwenzake.

Kioo hakusikia hadithi. Aliwaona wale wa kwenye hadubini. Aliwaona wakiwa mviringo bado, wamelala, huko ndani ya mama yule, kwenye ini, kwenye mapafu, katika kila kiungo kilichopinda. Halafu mmoja ananusa. Anatoa mkono. Anamgusa mwenzake.

Saa tano na dakika nane, fundi cherehani alikatiza sentensi.

"Nani kafungua dirisha?"

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Mtetemeko ulianzia taya. Ukashuka mabegani, ukashika kitanda chote, hata vyuma vya miguu vikaanza kugongana na sakafu. Walimtupia blanketi mbili, tatu. Joto lilisoma thelathini na nane, kisha thelathini na tisa na nusu. Presha ilianza kushuka, na muuguzi aliisoma kwa sauti ileile kavu kila dakika tano, na kila namba ilikuwa ndogo kuliko iliyopita. Daktari wa wodi alifungua maji yaende mbio. Midomo ya mama yule ilikuwa ya majivu. Aliita jina la mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Mke wa Kioo alishuka kitandani. Hakuna aliyemsaidia, hata mumewe, maana hakuthubutu kusogea. Alikwenda akiegemea ukingo wa kitanda, kisha meza, kisha ukuta, akaketi kwenye kiti cha dirishani, akaingiza mkono wake chini ya mablanketi. Vidole vyake havikuweza kushika, kwa hiyo aliulaza tu mkono wake juu ya mkono wa mwenzake. Kutoka hapo alimtazama mumewe aliyesimama mlangoni.

"Hii ilikuwa yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Ulipokuja kunichukua, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na huyu ulimwona amelala hapa?"

Kioo angeweza kusema mengi. Kwamba alichanganyikiwa, kwamba alipanga kuja kuvivunja vile vingine. Alifungua mdomo, akamwona Daktari ameinua kichwa anasikiliza.

"Nilimwona," alisema.

Mkewe aligeuza uso. Kuanzia hapo hadi saa nane hakumtazama tena, na Kioo aligundua kwamba ule woga aliokuwa nao tangu asubuhi ulikuwa na sakafu nyingine chini yake. Akifa huyu mama, mimi nimeua. Akipona, mke wangu bado anajua. Hilo halina tanuri.

Saa saba namba ziliacha kushuka. Zikakaa. Muuguzi alizisoma mara mbili kwa sababu hakuziamini. Saa nane kasoro zilipanda kidogo, zikashuka, zikapanda tena. Jasho lilianza kumtoka fundi cherehani, likalowesha mito, na mtetemeko ukapungua kama gari linavyozimika kilimani, kwa kushtukashtuka. Daktari wa wodi alisema usiku wa leo ndio utasema, lakini alisema akiwa ameketi, na tangu asubuhi hakuwa ameketi.

Daktari alitoka mlangoni akasimama karibu na Kioo. Mkononi alikuwa na sanduku la vichupa, arobaini na saba, na kile kimoja kitupu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Kesho utaandika yote kwenye karatasi," alisema. "Kila siku, kila kigari, kila chupa ilikokwenda. Usiruke."

"Baada ya hapo niondoke?"

"Hilo litaamuliwa na wengine. Mimi nahitaji kujua chupa zilikokwenda." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Niliona vema zako nikafurahi. Sikuja hata siku moja kuligusa tanuri kama lina joto. Na mimi nitaandika."

Akaondoka na sanduku lake.

Fundi cherehani alifumbua macho saa tisa. Aliomba maji, akanywa kwa mrija, akatafuta chumbani hadi alipompata Kioo pale mlangoni.

"Shemeji," alisema. Sauti ilikuwa uzi mwembamba. "Vichupa uliviosha vibaya, sawa, lakini ni wewe uliyekuja mbio ukaifunga ile dripu. Ungechelewa, saa hizi wananipigia hesabu ya sanda. Mungu akulipe."

Kioo alitazama sakafu. Aliona njia. Ilikuwa wazi, pana, na ilimwita kama asubuhi ile. Angeweza kutikisa kichwa kidogo tu, kama mtu asiyependa kushukuriwa, na mambo yangekwisha. Alipoinua macho, mkewe alikuwa anamtazama. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mkono wa mwenzake, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho Kioo hakuwahi kukiona kwa miaka ishirini na nne. Mkewe alikuwa anamwogopa. Alikuwa anasubiri aone mumewe atasema nini, naye anaogopa jibu.

"Mwambie," mkewe alisema.

Kioo alivuta stuli kutoka chini ya meza ya dawa. Miguu ya stuli ilikwaruza sakafu. Aliketi kati ya vitanda viwili, akaweka mikono yake iliyochubuka kwa sabuni juu ya magoti.

"Dada yangu," alianza, "nilisimama pale, nikahesabu matone kumi na saba."